Daktari Albert Cook wa Mengo na Madaftari Yake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Shighatini

Mhariri wa gazeti letu la muhula ametaka kila kidato kitoe maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kufa zamani, ambaye kazi yake ingali yaonekana. Wenzangu wengi wamechagua majemadari na viongozi wa nchi. Mimi nimeona nimwandike mganga mmoja wa Uganda ambaye jina lake halitajwi sana katika milima yetu hii ya Upare. Jina lake ni Albert Ruskin Cook. Namwomba msomaji anivumilie nikikawia katika mambo ya uzazi, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyonivuta. Mengine nitayapita mbio, ingawa kwa mtu mwingine yangetosha kujaza kitabu.

Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi 1870. Baba yake alikuwa daktari, na mtoto akafuata kazi ya mzee. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, ambayo ni moja ya hospitali za kale kabisa za London. Alipokuwa akisoma huko, elimu ya kuzalisha na kupasua ilikuwa imegeuka kabisa katika muda wa miaka hamsini hivi, na hapana budi nieleze kidogo jinsi ilivyogeuka, la sivyo msomaji hataona Cook alikuja Afrika na kitu gani mkononi.

Mwaka 1847 mambo mawili yalitokea Ulaya. La kwanza ni la Edinburgh, ambako daktari Simpson alianza kuwapa wanawake wenye uchungu dawa ya klorofomu ili wasisikie maumivu. La pili ni la Vienna, nalo ndilo kubwa zaidi. Hospitali ya huko ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika wodi ya kwanza walifundishwa madaktari, na katika ya pili walifundishwa wakunga. Wodi ya kwanza ilijulikana mjini kote kwamba ni ya mauti, hata wanawake walilia wasiingizwe humo. Kijana mmoja wa Hungaria, Ignaz Semmelweis, alizitazama hesabu za vifo akaona kwamba zile hadithi za wanawake zilikuwa kweli. Alifikiri sana. Mwisho alitambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka moja kwa moja katika chumba cha kupasulia maiti, wakaja kuwapima wazazi kwa mikono ile ile. Wakunga hawakugusa maiti. Mwezi wa Mei mwaka ule aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi wa Julai alikufa 1 tu katika 100. Wakubwa wengi hawakumkubali, akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu. Lakini miaka miwili baadaye Lister alitangaza njia yake ya kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki, na kufikia siku za Cook hakuna mwanafunzi wa uganga London aliyeweza kupita bila kufundishwa habari za vijidudu.

Naomba msomaji aangalie jambo moja hapo. Semmelweis hakuwa na darubini iliyomwonyesha mdudu yeyote. Alikuwa na kitabu cha hospitali kilichoandikwa nani ameingia, nani ametoka na nani amekufa. Bila kitabu kile angebaki na manung'uniko ya wanawake, na manung'uniko ya wanawake hayakuwa na msikilizaji.

Basi, mwaka 1896 Cook alijiunga na misheni ya C.M.S. ya Kanisa la Anglikana, akatumwa Uganda. Alifika Mombasa mwezi wa Oktoba mwaka ule. Reli ya kwenda Ziwa Victoria ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo safari ilikuwa ya miguu, na mizigo ilichukuliwa vichwani na wapagazi. Hawakupita kwetu, msafara wao ulifuata njia ya Ukambani na nchi ya Wakikuyu, wakafika Mengo, mji wa Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo Bibi Katharine Timpson, nesi aliyefunzwa katika hospitali ya Guy's ya London. Mwaka 1900 Daktari Cook alimwoa. Kwa maoni yangu nusu ya sifa za maisha haya ni zake, na nitasema kwa nini.

Hospitali yao ya kwanza ilikuwa nyumba ya matete na nyasi juu ya kilima cha Namirembe, yenye vitanda 12. Kabla mwaka haujaisha askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza waliasi, Cook akaenda vitani kutibu majeruhi, na huko Busoga mwezi wa Desemba 1897 alipigwa risasi akafa George Pilkington, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda. Mwaka 1899 ndugu yake Cook, Jack, naye daktari, alikuja kumsaidia. Mwaka 1901 ndugu hawa wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Buganda, ugonjwa ambao unakisiwa kuua watu zaidi ya 200,000 katika miaka iliyofuata. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali ikateketea. Wakajenga nyingine ya matofali, ikafunguliwa mwaka 1904. Mambo haya yote nayaruka, ingawa najua wavulana wangependa nisimulie ya vita.

Nirudi kwenye uzazi. Mtu asidhani kwamba Cook alipofika alikuta nchi isiyojua kitu. Miaka kumi na minane kabla yake, mwaka 1879, kijana mmoja Mwingereza aliyeitwa Robert Felkin alikuwa Bunyoro, mahali alipopaita Kahura, naye aliona jambo ambalo alilichapisha Edinburgh mwaka 1884, na wasomaji wengi wa Ulaya wakaliona gumu kuaminika. Aliona mganga wa Kinyoro akimpasua tumbo mwanamke kijana aliyeshindwa kuzaa mtoto wake wa kwanza. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea, akafungwa kitandani kwa nguo za magome ya miti. Mganga alinawa mikono kwa pombe ile, akaliosha tumbo kwa pombe na kwa maji. Akapasua kwa kisu kimoja toka karibu na kitovu kwenda chini, msaidizi akawa anazuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa, kondo la nyuma likatolewa, na mganga akaukanda mji wa mimba mpaka ukanywea. Kisha mama alilazwa kwa namna ya kuyamwaga maji na damu zilizobaki tumboni, na jeraha likafungwa kwa vyuma saba vyembamba vilivyozungushiwa nyuzi za magome, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya sita vyuma vyote vilikuwa vimetolewa. Siku ya kumi na moja jeraha limepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Niliposoma haya nilimpelekea mwalimu wetu wa Kemia nikamwuliza kama pombe ya ndizi yaweza kuua vijidudu. Alinijibu kwamba spiriti iliyomo ni chache mno, kama ilivyo katika dengelua yetu ya miwa, na kwamba hospitalini hutumia spiriti ya sehemu 70 katika 100. Kwa hiyo pombe ile haikutosha peke yake. Lakini kunawa kulikuwako, na jinsi mganga yule alivyojua kuukanda mji wa mimba ili damu ikome ni dalili ya mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi, na aliyefundishwa na mtu mwingine. Jina lake halikuandikwa. Alijifunza kwa nani, na alimfundisha nani baada yake, hayo pia hayakuandikwa. Felkin alipita njia akaona siku moja, na siku hiyo moja ndiyo pekee tuliyo nayo.

Hapo ndipo tabia ya Cook inaponifurahisha. Alikuwa mwandishi asiyechoka. Kila mgonjwa aliyelazwa Mengo aliandikiwa habari zake: jina, alikotoka, alivyokuwa akiumwa, alivyopimwa, alivyotibiwa na mwisho wake, kupona au kufa. Karatasi hizo zilifungwa kuwa madaftari makubwa mwaka baada ya mwaka, na yakawekwa orodha ili mtu aweze kumtafuta mgonjwa au ugonjwa. Alijifunza Kiganda mapema, hata mwaka 1903 kikatoka kitabu chake cha maneno ya uganga kwa Kiganda, ili daktari mgeni aweze kumwuliza mgonjwa maswali na kufahamu majibu yake. Hilo si dogo. Mwanamke anayeumwa na tumbo la uzazi hawezi kueleza mambo yake ya siri kupitia kwa mkalimani mwanamume asimame hapo amechanganyikiwa kwa haya.

Mama yake bibi yangu alifia uzazini katika milima hii. Nilimwuliza bibi ilikuwa mwaka gani, akanijibu kwamba ni mwaka ule wa njaa, naye alikuwa mdogo. Nilimwuliza tena kama ilikuwa damu, au homa, au mtoto amekwama. Hakujua. Anakumbuka tu kwamba mama yake alitiwa katika machela, wanaume wakashika njia ya kuteremka bondeni, na kwamba machela ilirudi kabla ya jua kuchwa. Watu walisema amerogwa, na baadhi ya jamaa walihasimiana kwa neno hilo kwa muda mrefu. Ndiyo maana napenda daftari la Mengo. Mahali ambapo hapana maandishi, kifo cha mzazi hugeuka kuwa ugomvi.

Madaktari husema kwamba mambo yanayoua wazazi wengi ni machache na yanajulikana. Kuna damu inayotoka bila kukoma baada ya mtoto kutoka. Kuna homa ya uzazi, ile ya Semmelweis. Kuna kifafa cha mimba, ambacho hutangulia kwa kuvimba, kichwa kuuma na damu kupanda. Kuna mtoto kukwama kwa kuwa nyonga ni nyembamba au amelala vibaya. Na mama akikaa siku mbili tatu katika uchungu wa namna hiyo, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za ndani mpaka zikafa, na hata akipona hubaki akivuja mkojo. Ugonjwa huo huitwa fistula, na wanawake wengi walio nao wamefukuzwa na waume zao. Mambo haya yote, isipokuwa machache, yaweza kuonekana mapema na mtu aliyefunzwa, hata kama hana hospitali. Daktari mmoja katika kilima kimoja hawezi kuyaona. Mkunga katika kila kata aweza.

Lakini kabla Cook hajafika kwenye wakunga alipita katika jambo jingine, na hapa sitamsifu. Katika miaka ile idadi ya watu wa Buganda ilionekana kupungua. Mimba zilikuwa zikiharibika, na watoto wengi walizaliwa wafu au walikufa wachanga. Daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alikuja kuchunguza, na mwaka 1908 akatangaza kwamba sababu ni kaswende, na kwamba sehemu kubwa mno ya Waganda walikuwa nayo. Cook, kwa yale aliyoyaona Mengo, alikuwa wa mawazo hayo hayo, na sauti yake ilikuwa na uzito. Lambkin aliongeza kwamba wanawake wa Buganda walikuwa wameachiwa uhuru mwingi kuliko zamani, na kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ugonjwa kuenea. Nakiri niliposoma neno hilo nilikifunga kitabu kwa nguvu. Serikali ilianza kampeni, watu wakaamrishwa kwenda kukaguliwa, na mwaka 1913 hospitali ya Mulago ikaanza kazi hasa kwa ajili ya magonjwa hayo.

Miaka mingi baadaye mambo yalitazamwa upya. Mwaka 1956 daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa mwalimu wa Makerere, aliandika historia ya kaswende katika Uganda, akaonyesha kwamba habari ile ya 1908 haikuwa kama ilivyosemwa. Ugonjwa wa namna ya kaswende ulikuwako tangu kale, tena mwingi ulikuwa wa utotoni, ukiambukizwa kwa ngozi kugusana na wala si kwa zinaa. Kulikuwa na buba pia. Kijidudu cha buba na kijidudu cha kaswende ni ndugu wa karibu. Ukivitazama kwa darubini huwezi kuvipambanua, na hata kipimo cha damu huonyesha jibu moja. Kwa hiyo watu wengi walihesabiwa kuwa na ugonjwa wa aibu ambao hawakuwa nao. Nimejiuliza kama Cook angeweza kujua. Yamkini asingeweza kwa vipimo vya siku zile. Lakini aliweza kuwa mwepesi kidogo wa kuona shaka, na mwanamke aliyesimamishwa mstarini akaguliwe na watu asiowajua alistahili shaka hiyo.

Ajabu ni kwamba katika hesabu ile iliyopotoka ilitoka kazi njema. Wasiwasi wa watoto kufa, na fedha na juhudi zilizokusanywa kwa ajili yake, viligeuzwa polepole kuelekea kwa akina mama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Bibi Cook alianza kuwafundisha wasichana wa Kiafrika kazi ya ukunga pale Mengo, na mwaka 1921 ikasimama shule yenyewe, ikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa Uganda wa wakati ule. Mumewe alifundisha, alipasua palipohitajika kupasua, na alitumia jina lake kubwa kuitafutia shule msaada. Lakini aliyeishika kazi hiyo siku hata siku alikuwa Bibi Cook. Ndiyo sababu nimesema nusu ya sifa ni zake. Gazeti la shule laweza kutaja jina la mume katika kichwa cha habari, nami nimefanya hivyo kwa kuwa ndilo linalojulikana, ila msomaji asisahau.

Jambo hili halikuwa rahisi. Katika desturi ya nchi nyingi za kwetu kuzalisha ni kazi ya wanawake wazee waliokwisha kuzaa. Msichana ambaye hajaolewa hapaswi hata kukaribia nyumba ya mzazi, sembuse kumshika. Hata hapa Upareni bibi zetu wangeshangaa. Sasa ukamchukue binti wa watu, uliyemtoa katika shule ya misheni kwa sababu anajua kusoma na kuandika, umfundishe kwa picha na kwa macho jinsi mtoto anavyotoka! Wazazi waliogopa kwamba hataolewa. Na akirudi kijijini, mama wa makamo atakubalije kuzalishwa na mtoto wa juzi? Walikubali kidogo kidogo, walipoona kwamba waliozalishwa na hao watoto wa juzi walikuwa wakirudi nyumbani na watoto wao.

Kujua kusoma kulitakiwa kwa sababu nzuri. Bwana na Bibi Cook walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, yaani Maarifa ya Kuzalisha. Naona hicho ni moja ya vitu vikubwa walivyofanya. Sisi leo tunasoma Biolojia kwa Kiingereza, na kila mmoja wetu anajua jinsi inavyowezekana kukariri jina la kiungo bila kujua kilipo. Msichana wa Mengo alisoma kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Alipokuta hatari hakuwa na haja ya kuitafsiri kwanza. Waliomaliza walifanyiwa mtihani wakapewa vyeti, wakatumwa vijijini kwenye nyumba ndogo za wazazi zilizojengwa sehemu mbalimbali. Hapo mkunga aliishi, aliwapima wenye mimba, aliwafundisha kuwalea watoto wachanga, na aliandika. Alichemsha vyombo vyake. Alinawa. Aliweka mikono juu ya tumbo akajua kichwa kiko wapi. Akiona hatari iliyomzidi, alimpeleka mama Mengo wakati nguvu zingali zipo, na wala si siku ya tatu.

Mbegu hiyo iliota pia kwa wanaume. Mwaka 1917 Cook alianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya kusaidia madaktari, na miaka michache baadaye serikali ilianza mafunzo ya namna hiyo Mulago, ambayo ndiyo yaliyokua mpaka yakawa shule ya udaktari ya Makerere. Kwa miaka mingi, kabla ya nchi yetu kuwa na shule yake ya udaktari, Watanganyika waliotaka kuwa madaktari walikwenda huko.

Mwaka 1932 Cook alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1934 aliacha kazi ya hospitali, lakini hakurudi kwao. Alikaa Makindye, kilima kimoja cha Kampala. Bibi Cook alifariki mwaka 1938. Mzee akabaki akiandika, na mwaka 1945 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu za Uganda tangu 1897 hadi 1940. Alifariki mwezi wa Aprili 1951, akiwa na miaka 81, na alizikwa Namirembe, karibu na mahali ilipokuwa ile nyumba ya matete.

Je, kazi ya kuwaokoa wazazi imefika wapi? Katika nchi yetu, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kwamba walikufa akina mama 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Nimeziandika tarakimu hizi katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la Biolojia. Mimi nataka kusoma ukunga, Mungu akipenda na mtihani ukiniruhusu, na wale 104 ndio nitakaokutana nao.

Nimebakiza habari za yale madaftari. Cook alipokufa, ya tangu 1897 yalikuwa yangalipo. Katika miaka ile kulikuwa na wataalamu wa Ulaya waliosema kwamba saratani ni ugonjwa wa watu walioendelea, na kwamba Mwafrika hakuwa nayo mpaka alipoanza kuishi kama Mzungu. Nani angeweza kuwajibu? Ndipo Davies, yule yule wa habari za kaswende, pamoja na wenzake, walipoyafungua madaftari ya Mengo wakasoma habari za wagonjwa wa miaka sitini, tangu 1897 hadi 1956. Mwaka 1964 walichapisha walichokikuta. Saratani ilikuwako tangu mwanzo, na aina zake hazikuwa zimebadilika sana. Walikutwa watoto wenye uvimbe wa taya, ambao Cook aliwaandika miaka mingi kabla ya Denis Burkitt wa Mulago kuueleza ugonjwa huo kwa ulimwengu mwaka 1958, hata ukaitwa kwa jina lake. Walikutwa pia wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi.

Saratani hiyo ya mwisho ndiyo inayoongoza hata sasa kwa wanawake wa Tanzania. Husababishwa na kirusi, na tangu mwaka 2018 wasichana nchini wanachanjwa ili wasikipate. Sisi wasichana wa kidato hiki tulichanjwa tukiwa na miaka 14, tukapanga mstari nje ya darasa, wengine wakilia kabla ya sindano. Nesi alituandika mmoja mmoja katika kitabu chake: jina, umri, kijiji na tarehe.